Moja Kulia, Mbili Kushoto

Nilisikia kengele kabla sijaona chochote. Ilikuwa alasiri, Kikwajuni, mwezi uliopita tu. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya uchochoro tulimokuwa tukiishi, nikitafuta ukuta ambao zamani ulijaa alama za vidole vyenye mafuta ya cheni, mara kengele ikalia nyuma ya nyumba. Mlio mmoja, kisha kimya. Mwili wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukageuka kulia.

Halafu akatokea mwenye kengele: mtu mzima, kofia ya kiua kichwani, baiskeli yenye sanduku la aiskrimu mbele. Akaniona nimeganda katikati ya njia.

"Dada, ya ukwaju au ya maziwa?"

Akadhani sijamsikia, akaigonga kengele tena, na mimi nikaanza kulia mbele ya mtu nisiyemjua, pembeni ya sanduku la aiskrimu, mwanamke mzima na mkoba wangu begani. Akanipa ya ukwaju, akakataa kunitazama, akaenda zake. Ninamshukuru kwa adabu ile.

Sasa nikueleze, kwa sababu wewe hukuwapo, na waliokuwapo wengi wao wanalisimulia jambo hili kama kichekesho.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Kibanda hakuwa nacho. Alifanya kazi kwenye baraza ya nyumba yetu, mkeka chini, sanduku la spana kushoto kwake, karai la maji kulia. Asubuhi baraza ile ilinuka vitu vitatu kwa mpigo: solusheni ya kuzibia tyubu, chai ya mchaichai, na bajia za dengu za jirani yetu, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyekaanga mlango wa pili. Mimi nikitoka chuo cha Kurani, kabla sijavua hata ushungi, nilikuwa na kazi yangu. Nilitumbukiza tyubu ndani ya karai, nikaizungusha polepole, nikangoja mapovu. Nikiyaona nilisema, "Hapa," na baba akaweka kidole gumba pale pale niliposema.

Ringi iliyopinda aliinyoosha kwa masikio. Alilizungusha gurudumu, akapitisha ukucha kwenye spoki, moja baada ya moja, zikalia kama nyuzi za udi wa taarabu. Iliyolegea ilitoa sauti ya uvivu. "Umemsikia huyo?" aliniuliza. "Huyo amelala. Hebu tumwamshe." Akaikaza robo ya mzunguko, akaisikiliza tena. Watu walitoka mitaa yote ya Ng'ambo kumletea magurudumu yao.

Nilichukua muda kufahamu kwamba alikuwa anasikiliza kwa sababu haoni.

Ilianza kwa mambo madogo. Alimimina chai kando ya kikombe, akasema kikombe kinavuja. Mteja alitoa salamu, yeye akamwitikia kwa jina la mtu mwingine, wakacheka wote wawili. Kisha siku moja nilimkuta peke yake na tyubu, hakuitia majini. Ameisogeza karibu na shavu lake, anaipitisha taratibu, amefumba macho, anatafuta kwa ngozi mahali upepo unapotokea. Aliposikia hatua zangu akaishusha haraka, kama mtu aliyekutwa akila mchana wa Ramadhani.

Akaniambia siku hiyo. Ni presha ya macho. Hospitali walimwambia imekaa muda mrefu, na kilichopotea hakirudi. Dunia yake ilikuwa inafungwa kutoka pembeni kuja katikati, na katikati penyewe pamebaki padogo kama tundu la ufunguo. Nilikuwa darasa la tano. Alinishika bega akasema, "Mama yako asijue."

Sababu niliijua. Wazee wangu walikuwa wameachana. Mama alikwisha kuolewa Fumba, kwa mtu mwema, nyumba yenye maji ya bomba hadi jikoni, na mimi niliomba kubaki Kikwajuni. Nililia sana hadi bibi akaingilia kati. Mama akakubali kwa sharti, akalisema mbele ya bibi ili lisije likakanushwa: nitakaa kwa baba maadamu baba anaweza kunilea. Siku atakaposhindwa, atanichukua, wala hatagombana na mtu. Basi mimi na baba tukawa watu wawili wenye siri moja. Nilimsomea namba za spana. Nilimwambia nani anakuja kabla hajafika: "Mwalimu wa madrasa, upande wako wa kulia." Naye akainua uso kwa wakati, "Shikamoo maalim," na maalim akapita kwa furaha.

Jirani wa bajia ndiye aliyehisi. Simlaumu; alikuwa anatutazama kutwa nzima kupitia mafuta yake ya moto. Alimwona baba akipapasa ukuta anapokwenda msikitini. Neno likafika Fumba.

Mama akaja siku ya Ijumaa, amejifukiza udi, amekaa ukingoni mwa baraza bila kuvua viatu. Baba alikuwa na gurudumu mapajani, hakuliacha.

"Watu wanasema huoni," mama akasema.

"Hao watu waniletee baiskeli zao, nizione."

"Sikuja kwa mzaha, baba yake. Wallahi nikijua ni kweli, nnamchukua mtoto siku hiyo hiyo."

Baba akazungusha gurudumu. Nilimwona akitafuta la kusema, na ninatamani hadi leo asingelipata. Asubuhi ile ile mteja mmoja alikuwa ameleta baiskeli mbili za gia, zile za mtumba zenye matairi manene zinazoletwa kwa makontena, akitaka zitengenezwe kwa ajili ya mashindano. Vijana wa Mangapwani walikuwa wameandaa mbio, mzazi na mwanawe, siku ya kuvunja jungu, kabla Ramadhani haijaingia. Wameziita mbio za baiskeli za mlimani, na baba alikwisha kucheka sana, kwa kuwa kisiwa chetu kizima hakina mlima wa kumchosha mbuzi.

"Kuvunja jungu wewe unakwenda wapi?" akamwuliza mama.

"Mangapwani, na wifi zangu."

"Basi utatuona. Nnashindana na mwanao. Au umewahi kusikia kipofu anashindana baiskeli?"

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nikatabasamu. Nilikuwa nimeshajifunza kutabasamu kwa niaba yake.

Mama alipoondoka, baba akalizungusha gurudumu lile lile mpaka adhana. Halafu akasema, "Nimefanya nini mimi?" na akacheka, nami nikacheka.

Wiki tatu zilizofuata ndizo utoto wangu. Ukiniuliza nilikua wapi, sitakutajia nyumba wala skuli. Nitakutajia viwanja vya Maisara baada ya sala ya alfajiri, nyasi zina umande, kunguru ndiyo kwanza wanaanza ugomvi wao. Baba aliazima baiskeli mbili za wateja, yangu akaifungia kengele ya shaba aliyoitoa kwenye baiskeli ya zamani, akaifungua, akaipiga msasa ndani, akaifunga, akaisikiliza, akaifungua tena. Tukapatana: mimi mbele, yeye nyuma. Moja, kata kulia. Mbili, kata kushoto. Mfululizo, shika breki. Njia ikiwa imenyooka nizungumze kwa kengele kidogo kidogo, kwa kucha tu, ajue nipo.

"Na ikinyamaza?" nikamwuliza.

"Ikinyamaza nnasimama. Nnaweka mguu chini, nnakusubiri. Siendi popote bila wewe."

Kisha akanifundisha kitu kimoja ambacho wanaoendesha kwenye mawe wanakijua: anayeongoza asigeuke nyuma. Ukigeuza shingo, mabega yanafuata, na gurudumu linafuata mabega. "Mimi utanisikia," alisema. Na kweli nilimsikia. Nilizisikia pumzi zake, cheni yake, nyimbo zake za taarabu alizokosea maneno. Alianguka mara nyingi. Aliinuka akajipangusa, akaniuliza kwa heshima kubwa, "Bibiye, hapa ulipiga ngapi?" Mara nyingine ilikuwa kosa langu, na nilimwambia, na tulirudia. Pale Maisara hatukudanganyana kabisa.

Siku ya kuvunja jungu, kama unavyojua, Unguja nzima inahamia pwani. Watu wanaiaga milo ya mchana kwa kula. Tulipofika Mangapwani mikeka ilikwisha kutandikwa chini ya miti, mafiga yamewashwa, pilau linatoa harufu ya bizari hadi barabarani, watoto wanakimbizana na mikono yao imejaa embe. Mstari wa kuanzia ulichorwa kwa unga wa chokaa kwenye uwanja wa mpira. Zawadi ilikuwa gunia la mchele na boksi la tende kwa ajili ya futari, na muda wa jozi ulihesabiwa pale mtu wa pili alipovuka kamba ya kumalizia.

Baba alisimama wima, miwani ya jua usoni, ameshika usukani kama watu wengine. Muuza samaki mmoja wa Kikwajuni, mtu wa kitambi, alikuja na mwanawe akamsimamia mbele.

"Fundi! Leo tuone kama unajua kupanda, au kukaza nati tu."

"Tangulia," baba akamjibu, akigeukia sauti kwa uhodari. "Nitakuokota njiani, na kitambi chako."

Watu wakaangua kicheko. Upande wa pili wa uwanja nilimwona mama, mtandio wa manjano, anacheka pia. Nilifikiri tumeshashinda.

Nusu ya kwanza ilikuwa mashamba ya mihogo na minazi, njia nyembamba ya udongo mwekundu. Nilipiga, baba akakata, nikapiga, akakata. Nilimsikia anavuta pumzi kwa furaha. Kisha tukaingia maweni, ardhi ile ya mawe ya matumbawe, meno yake yanachungulia kila mahali na miba inakwangua miguu. Pale wengi walishuka wakazikokota baiskeli. Sisi hatukushuka. Kwa baba mawe yalikuwa sawa na lami. Hakuyaona, hakuyaogopa, aliitii kengele tu. Tukampita muuza samaki, baba akamwambia, "Nikuokote?" Tukawapita wengine wawili. Mbele yetu hapakuwa na mtu.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa maana sijawahi kumwambia mtu.

Mwisho wa maweni njia iligawanyika. Kushoto iliteremka hadi kwenye kamba. Kulia iliingia chini ya miti, kwenye mikeka na mafiga. Kushoto: milio miwili. Nilikuwa nimeifanya mara mia. Lakini nilipotokeza pale juu nikaona bahari, nikaona kamba, nikasikia watu wanapiga makofi na vigelegele, na katikati yao ule mtandio wa manjano unapepea, mama ameinua mikono yote miwili, ananiita. Mimi. Mteremko ulikuwa mkali, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilihitaji vidole vyote kwenye breki. Sikushika breki. Nilikanyaga pedali. Nilitaka mama yangu anione wa kwanza. Kwa muda wa pumzi ishirini hivi, nilimsahau baba.

Nilivuka kamba peke yangu. Mwenye saa akaniuliza, "Baba yako yuko wapi?"

Yaliyotokea huko nyuma niliyakusanya baadaye, kwa vinywa vya watu. Baba alifika kwenye njia panda, kengele ikanyamaza, akafanya kama tulivyopatana. Akasimama. Akaweka mguu chini, akainamisha kichwa. Muuza samaki akamkuta pale.

"Fundi, vipi? Cheni?"

"Nnapumua tu. Pita."

Akabaki amesimama. Watu waliokuwa mikekani wakaanza kumtazama, mmoja akauliza kwa sauti huyo bwana anasubiri nini. Wakati huo huo, chini ya miti, muuza aiskrimu aliyewafuata walaji akagonga kengele yake. Mara moja.

Baba akakata kulia, akakanyaga.

Alikwenda kwa kasi, kwa moyo wote, moja kwa moja hadi kwenye mikeka ya ukoo mmoja uliokuwa unasubiri pilau liive. Gurudumu liligonga figa, baiskeli ikaruka upande mmoja na yeye upande mwingine. Kwanza watu walicheka. Mtu akasema, "Fundi njaa imemzidi, kaja kabla sahani hazijapakuliwa!" Na baba, aliyejua kucheka na watu, alipiga magoti akacheka nao. "Samahanini jamani," alisema, "breki zimenichezea." Alisema hivyo huku ameuelekea mti. Hapakuwa na mtu upande ule.

Vicheko vikapungua. Baiskeli ilikuwa nyuma yake. Yeye akaitafuta mbele. Alinyoosha mkono, mkono wake wa kulia, ule wa spoki na tyubu, akashika kitu cha mviringo, akakiegemea ili ainuke. Lilikuwa sufuria la pilau, motoni.

Mama alinipita mbio pale kwenye kamba. Nilipofika, nilizisikia hata kuni zinavyopasuka. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya baba, anapitisha kiganja chake mbele ya macho ya baba, polepole, huku na huku. Miwani ilikuwa imeanguka. Macho hayakufuata.

"Nani?" baba akauliza. Halafu upepo ukampelekea ule udi. "Aa," akasema. "Ni wewe."

Hospitali, mkono ukiwa tayari umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo, mama alimtaka aeleze. Baba akamweleza yote: macho, Maisara, kengele. Akamalizia, "Kwenye njia panda alipiga mbili, mimi nikasikia moja, nikakata kulia. Mtoto hakukosea. Ni masikio yangu."

Mama akanigeukia. "Ulipiga?"

"Ndiyo," nikasema.

Sasa fikiri. Mtu anayetambua spoki iliyolala miongoni mwa thelathini na sita, aliyeipiga msasa kengele yangu kwa mikono yake mpaka ikasema anavyotaka, angewezaje kudhani kengele ya sanduku la aiskrimu ni yangu? Nilipoisikia mwezi uliopita kule uchochoroni nililijua jibu. Hazifanani hata kidogo. Alijua kuwa si mimi. Alisimama pale, watu wanamtazama, mwanawe hayupo, na akachagua kuifuata kengele yoyote kuliko kuendelea kusimama. Kisha hospitali akanipa ule uongo niushike, na mimi nikaushika.

Mkono ulipona vibaya. Vidole vilikunjika, ngozi ya kiganja ikawa ngumu na nyororo kama gamba, haikusikia tena upepo wa tyubu. Shangazi alimchukua Makunduchi, akakaa huko miaka saba akisuka kamba za usumba wa nazi kwa mkono mmoja na meno, na alikufa huko. Nilikwenda kumtazama kila sikukuu. Tulizungumza bei ya samaki, na mvua. Kila mara nilikwenda na neno langu mdomoni, na kila mara nilirudi nalo Fumba.

Baraza yetu sasa ina kioo, wanauza makava ya simu. Jirani wa bajia amehamia kwa mwanawe. Zile mbio hazikurudiwa. Nimeambiwa njia ya maweni wameijaza kifusi, gari zinapita. Maisara nyasi zipo, na kunguru wapo, lakini nilikaa pale asubuhi nzima nisisikie kitu cha kwangu. Sikujua kama sauti inaweza kufa kabla ya mahali ilipotokea.

Mama alikuja kunichukua siku ya tatu ya mfungo wa mwaka ule, baada ya adhuhuri. Baba alikuwa amezikunja nguo zangu mwenyewe, kwa mkono mmoja, nyingine ndani nje, na kuzipanga katika mfuko wa plastiki wa rambo.

"Karibu ndani," alimwambia mama.

"Sikai." Mama alibaki kizingitini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Ungeniambia."

"Ningekwambia ungemchukua."

"Na nimemchukua hata hivyo."

Baba akatikisa kichwa kukubali, kama mteja amemtajia bei ya haki. Nilitaka kumbusu mkono, nikakuta bandeji, nikabusu wa kushoto. Ulinuka solusheni bado. Nikafungua mdomo nimwambie. Akaniwahi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Jua kali, na mama yako amefunga. Usimsimamishe."

Mchana mlango ule haukufungwa kamwe. Wateja waliingia na kutoka, na upepo nao. Nilishuka barazani, nikashika mkono wa mama, tukaanza kwenda. Hatukuwa tumefika hata kwa jirani nilipousikia mlango ukisogezwa. Kisha komeo. Lilichukua muda mrefu kuingia, kwa kuwa alikuwa akilifunga kwa mkono wa kushoto.